Kinanda Katika Wimbo wa Februari

Ofisi ya Muziki, Idara ya Tamthilia
Tarehe 3 Juni

Mwalimu wangu, shikamoo.

Nimepiga simu mara tatu na mara zote amepokea mpwa wako. Anasema masikio yako siku hizi hayapokei simu kabisa, ila macho bado yapo, kwa hiyo niandike. Naandika kwa mkono, maana sijasahau ulivyoturudishia kazi zilizopigwa chapa ukidai kwamba herufi za mashine zinamficha mtu. Pole sana kwa kuugua. Ameniambia ni figo, na kwamba umekataa kurudi hospitali. Hilo sitalisemea, najua huambiliki.

Tamthilia yetu ya mgomo wa kiwanda cha nguo sasa imefika sehemu ya saba. Nasikia unaitazama ukisoma maandishi ya chini ya picha. Muziki wote nimeuchagua mimi, kwa hiyo na lawama ni zangu, na Mwalimu, sikujua watu wana masikio kiasi hiki. Nimepata barua arobaini kwa mwezi mmoja. Mtu mmoja amegundua kwamba ngoma za harusi katika sehemu ya pili zimepigwa na mashine ambayo miaka ile ilikuwa haijaundwa popote duniani. Ni kweli. Mpiga tarumbeta mstaafu anasema mwigizaji wetu anapuliza kama mtu anayepoza chai. Mwingine ameona kwamba bendi ya hoteli inapiga mtindo ulioingia miaka kumi baadaye. Huo niliujua, lakini mwongozaji aliupenda, nikakubali shingo upande.

Hayo yote nimeyameza. Lipo moja ambalo mtayarishaji analitaka lijibiwe kwa uhakika. Katika sehemu ya sita, asubuhi ile ya mgomo, fundi mitambo yule mwimbaji anaimba "Mwenye Ufunguo" bwenini, wafanyakazi wanaupokea, wanaondoka kwenda langoni, na lango linachomwa moto mlinzi akiwa ndani ya kibanda chake. Chini ya sauti ya mwigizaji nimeweka rekodi yenyewe, ile ya studio yenu. Sasa ameandika mama mmoja, fundi cherehani, kwamba siku ile wimbo huo haukuwapo. Anasema ulitungwa baada ya moto. Barua yake ni ya mistari minne tu.

Kadi ya maktaba ya sauti inasema rekodi ni ya tarehe 11 Februari, wiki tano kabla ya moto, na chini kuna sahihi yako ya mkutubi. Kwangu kadi yenye sahihi yako imetosha. Lakini mtayarishaji anataka neno lako, tumjibu mama huyo yaishe.

Mwanafunzi wako,
Sikio


Nyumbani kwa mpwa wangu
Tarehe 9 Juni

Sikio,

Marahaba. Nimefurahi kuona bado unalitumia jina nililokupa darasani. Wenzako walidhani ni utani, kumbe nilikuwa nakusifu.

Naam, ninaitazama tamthilia yenu. Mpwa wangu hunigeuzia kiti, huniwekea blanketi miguuni, kisha huniacha nigombane na picha. Kiziwi akitazama muziki huona mengi. Mpiga gitaa wenu wa sehemu ya kwanza anabadilisha vidole baada ya wimbo kwisha. Kipaza sauti cha studio mlichokiweka ni cha kizazi cha baadaye. Cha kwetu kilikuwa kikubwa kama kibuyu na kilining'inia kwa mipira minne. Na yule mtangazaji amevaa vifaa vya masikioni vidogo kama vifungo vya shati. Vya kwetu vilikuwa vizito hivi kwamba jioni shingo ilikuuma kama uliyebeba mzigo. Mpwa wangu aliniuliza nacheka nini peke yangu. Nikamwambia nacheka mazishi, maana ilikuwa sehemu ya mazishi, na nyuma ya waombolezaji nilimwona mtu akipiga zumari mdomo ukiwa kando.

Usihuzunike. Kila anayetengeneza wakati uliopita huacha alama ya kidole chake. Kazi yako ni kuzipunguza tu.

Kuhusu "Mwenye Ufunguo": kadi ile niliiandika mwenyewe, kwa mkono wangu. Mjibuni mama huyo kwa upole kwamba miaka ni mingi na kumbukumbu za sote huchanganya mambo.

Mkono unachoka. Mpwa wangu anakusalimu.

Mwalimu wako


Ofisi ya Muziki, Idara ya Tamthilia
Tarehe 14 Juni

Mama mpendwa,

Shikamoo. Tunakushukuru kwa kuitazama tamthilia yetu na kwa maoni yako kuhusu wimbo uliosikika katika sehemu ya sita. Tumechunguza kumbukumbu za maktaba ya sauti na kumwuliza aliyekuwa mkutubi wakati huo. Vyote vinaonyesha kwamba wimbo ulirekodiwa tarehe 11 Februari, kabla ya mgomo. Tunaelewa kwamba miaka ni mingi, na ni kawaida ya binadamu kumbukumbu kuchanganyika.

Kwa heshima,
Mtafiti wa muziki


Duka la ushonaji
Tarehe 20 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ni ya adabu, nami nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali pa kukasirikia, nisipate. Labda kosa ni langu, niliandika mistari minne kana kwamba nyote mnanijua. Sasa nitaeleza.

Fundi mitambo aliyeimba wimbo huo alikuwa mume wangu. Mlinzi aliyeungulia langoni alikuwa kaka yangu, mtoto wa kwanza wa mama yangu. Wao wawili walikuwa marafiki kabla mimi sijaolewa. Kaka ndiye aliyemleta nyumbani. Siku ya moto mume wangu aliungua mikono akijaribu kuvunja mlango wa kibanda, kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa na kaka alikuwa ndani na funguo kiunoni. Mpaka leo hatujui kwa nini hakufungua. Wanasema moshi.

Ukiusikiliza wimbo, unasema: mwenye ufunguo toka nje, lango linawaka, toka nje. Mume wangu aliutunga mwezi wa saba, mikono ikiwa imeanza kupona. Tuliurekodi mwezi wa nane. Nasema tuliurekodi kwa kuwa waitikiaji ni wawili, na sauti ya juu ni yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Juzi nilikuwa nimekaa mbele ya runinga na wajukuu, nikajisikia nikimlilia kaka yangu katika siku ambayo kaka alikuwa bado hai.

Mume wangu aliposhtakiwa kwa moto ule, mahakamani walisema uliimbwa kabla. Ukisikilizwa hivyo, si kilio tena. Ni watu wanamwambia mlinzi atoke kabla hawajamchoma. Wimbo haukuwahi kupigwa redioni, kamati ya kukagua nyimbo iliuzuia, kwa hiyo hapakuwa na wa kusema aliusikia lini. Nilipanda kizimbani. Wakili wa serikali aliniuliza swali moja, kama nampenda mume wangu. Nikasema ndiyo. Akakaa. Mume wangu alipewa miaka kumi na minne na alifia gerezani mwaka wa nne, kwa mapafu.

Sasa kumbukumbu yangu iliyochanganyika. Kwenye wimbo mna kinanda cha umeme. Kisikilize ubeti wa tatu, chini ya sauti zetu. Kinanda hicho kilifika studio mwezi wa saba mwaka ule. Nakijua kwa sababu fundi wa studio alinipa kazi ya kukishonea kifuniko cha vumbi, cha kitambaa cha kijani, na nilikwenda kukipima kingali na karatasi za kiwandani. Wakati nakipima ndipo nilipowaomba watupe nafasi ya kurekodi.

Nani amlilie kaka yake mwezi mmoja kabla hajafa?

Mjane wa fundi mitambo


Ofisi ya Muziki
Tarehe 23 Juni

Mwalimu,

Nakutumia barua ya mama huyo pamoja na hii. Isome kwanza.

Nimesikiliza rekodi kwa vifaa vya masikioni, mlango umefungwa. Ubeti wa tatu, kinanda kipo. Nimeusikia wimbo huu labda mara mia, nimeuweka kwenye picha kwa mikono yangu, na sikuwahi kujiuliza kinanda kile kilitoka wapi. Jana nimekwenda stoo ya vyombo chakavu. Bado kipo, miguu miwili imetoka. Mgongoni kina kibao cha bati chenye tarehe ya kupokelewa: 14 Julai, mwaka wa mgomo.

Niambie ulikosea. Mwezi wa pili na wa nane, mtu aliyechoka anaweza kuteleza. Niambie hivyo nami nitaamini, na tutasahihisha.

Sikio


Nyumbani kwa mpwa wangu
Nimeanza tarehe 30 Juni, nimemaliza tarehe 4 Julai

Sikio,

Sikuteleza. Naandika kidogo kidogo kwa sababu nikiketi muda mrefu mgongo unakataa, na daktari aliyekuja nyumbani amemwambia mpwa wangu hesabu ya wiki nilizobakiwa nazo. Alijua sisikii, akasahau kwamba kiziwi husoma midomo. Nitaandika mambo kama yalivyokwenda.

Wimbo ulirekodiwa tarehe 27 Agosti, mchana. Mimi ndiye niliyeupokea utepe, nikaupa namba, nikaandika kadi. Mwezi wa kumi, fundi mitambo akiwa tayari rumande, mkuu wa idara alikuja maktaba na mgeni. Mgeni hakukaa. Aliomba kuiona kadi ya wimbo, akaisoma, akasema, "Inasikitisha kwamba ni Agosti." Mkuu ndiye aliyenigeukia akaniuliza kama ni kweli kadi zikichakaa huandikwa upya. Nikasema ndiyo, huandikwa upya. Wakaondoka.

Hakuna aliyenitisha, Sikio. Nimetafuta katika kumbukumbu zangu tishio, hata jicho kali, nikuletee. Hakuna. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, jina langu lilikuwa katika orodha ya watatu waliotarajiwa kwenda kusoma ng'ambo, na nafasi ilikuwa moja.

Walitaka kadi tu. Hawakujua hata kama kuna daftari. Lakini mimi nilijua kwamba kadi peke yake ingemsuta mtu, kwa kuwa kila utepe una namba, na namba hufuatana kwa tarehe. Nikafungua daftari. Tarehe 11 Februari kwaya moja ilikuwa imepangiwa kurekodi, haikutokea, na namba yake ilibaki wazi. Nikaujaza mstari ule. Nilitafuta wino wa zamani, kwa sababu tangu mwezi wa nne tulikuwa tumebadilisha aina. Nikaupata chini ya chupa. Nikachukua kadi tupu ambayo jua la dirishani lilikuwa limeshaipiga. Kwenye kasha la utepe nikabandika namba ile, na mbele ya namba ya Agosti nikaandika "umefutwa kwa matumizi mengine". Kazi hiyo ilinichukua siku nzima, na nikikuficha hili nitakuwa sijasema kitu: niliifurahia. Nilipomaliza niliitazama kama fundi anavyotazama kiungo kisichoonekana.

Kinanda nilikikumbuka usiku wa kuamkia siku ya ushahidi. Hakikuwa na dawa. Nilisimama kizimbani, utepe ukapigwa mbele ya mahakama yote, ubeti wa tatu ukafika, kinanda kikasikika wazi, nami nikangoja. Hakimu alikuwa ameinamisha kichwa. Wakili wa utetezi alikuwa akiandika. Nilikuwa nimeshaandaa la kusema, kwamba ni kinanda cha kuazima. Hakuna aliyeuliza. Mshtakiwa peke yake aliinua uso akanitazama, na mikono yake ilikuwa na makovu ambayo nilidhani ni ya kiwandani.

Sikujua kwamba mlinzi alikuwa shemeji yake. Katika hati walimwita "marehemu". Ningeweza kuuliza. Na yule aliyeshona kifuniko cha kijani sikumjua pia, ingawa nilikivua kifuniko kile kila Jumatatu kwa miaka kumi na mbili kukagua kinanda.

Nilikwenda ng'ambo mwezi wa tatu uliofuata. Nilirudi nikawa mkuu wa maktaba, kisha mwalimu wenu. Nikawafundisha kwamba kabla ya jina la mwimbaji, kabla ya jina la wimbo, andikeni tarehe. Mliandika. Taarifa ya kifo chake niliiona gazetini, mistari miwili, nikaikata ili niihifadhi, halafu nikaitupa.

Kumbukumbu za korti ukizisoma utakuta jina langu limesifiwa kwa "umakini".

Na hili la juzi ni baya kuliko lile la kwanza. Uliponiandikia tarehe 3, sikuwa na safari ya kwenda popote. Sina cha kupandishwa. Nilikuwa mzee kwenye kiti, na mama wa watu alikuwa amesema kweli kwa mistari minne, nami nikakuambia mmwambie amechanganyikiwa. Nilitumia dakika mbili. Hapo ndipo nilipojua kwamba miaka arobaini na sita niliyojidanganya kuwa nilikuwa kijana tu ilikuwa ya bure.

Fanya na barua hii utakavyo. Kasha lenye utepe halisi nyuma yake lina namba ya Agosti kwa penseli. Niliifuta, lakini ukiliinamisha kwenye mwanga utaiona.

Mkutubi


Ofisi ya Muziki
Tarehe 11 Julai

Mzee,

Namba nimeiona.

Mtayarishaji amesoma barua yako. Kwanza alishika kichwa, baada ya chakula cha mchana akawa na wazo. Anataka sehemu ya ziada: wewe kwenye kiti, taa upande mmoja, ukisimulia. Anasema watu watalia. Sehemu ya sita haitarekebishwa, kwa kuwa mwanasheria wa kampuni anasema kurekebisha ni kukiri. Nimewaambia wanitoe jina langu mwishoni mwa tamthilia. Wamesema hilo halina shida.

Mwanasheria mwingine, ninayemjua mimi, atakuja kwako Jumatano na karatasi za kiapo kwa ajili ya mahakama. Tafadhali mpokee.

Barua yako nilimpelekea mama huyo mwenyewe. Aliisoma akiwa amesimama. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio. Aliniuliza kama mzee huyu bado anaweza kushika kalamu. Nikasema ndiyo, ila kwa shida. Akasema atakuandikia.

Niliandika kwa mkono wangu kwamba kumbukumbu yake imechanganyika. Nimemwomba radhi. Amesema mimi niliambiwa na mtu niliyemwamini, na kwamba hilo analielewa kuliko ninavyodhani.

Mtafiti wa muziki


Duka la ushonaji
Tarehe 13 Julai

Mzee,

Nimesoma yote. Msamaha usiniombe. Sisemi kwa hasira. Nimeutafuta kwa siku kadhaa kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka, sikuuona, na nina nguo za watu za kumaliza.

Kiapo cha mahakama kitie sahihi, ni haki ya mwanangu aliyekua akiitwa mtoto wa mchoma watu. Ile habari ya kukaa kwenye kiti chini ya taa, kataa. Sitaki kukuona ukilia kwenye runinga.

Kuna jambo moja ambalo wewe tu unaliweza. Siku ya hukumu mama yangu aliniambia nichague: nimwache aliyemuua kaka yangu au niondoke nyumbani. Niliondoka. Aliishi miaka kumi na moja baada ya hapo, na hakunisemesha tena. Nilimpelekea mtoto amwone, akafunga dirisha. Kaka zangu wengine wawili nao wamekufa hivyo hivyo. Amebaki mdogo wetu wa mwisho, mwanamke kama mimi. Ana miaka sitini na mitano. Anaishi mtaa wa tatu kutoka dukani kwangu, na tukikutana hubadilisha upande wa barabara. Nilishamwandikia, nikamtumia watu. Mimi ni mke wa yule. Neno langu halina uzito kwake, kama lilivyokosa uzito mahakamani.

Mwandikie wewe. Kwa mkono wako, siyo kwa mashine, na siyo kwa mpwa wako. Usimweleze habari za masomo, wala figo, wala jinsi ulivyoumia. Mpe tarehe. Anwani nimeiandika nyuma.

Fanya upesi, kama ni kweli ulivyosema kuhusu wiki.

Mjane wa fundi mitambo


Nyumbani kwa mpwa wangu
Tarehe 22 Julai

Mama,

Hunijui kwa sura, au labda unanikumbuka. Mimi ndiye mkutubi wa maktaba ya sauti niliyetoa ushahidi katika kesi ya shemeji yako. Nimeandika barua hii mara tano, na kila mara nimefuta maneno yaliyonihusu mimi.

Kaka yako alikufa tarehe 19 Machi.

Kinanda kinachosikika katika wimbo kilifika studio tarehe 14 Julai. Kibao chake bado kipo. Mtafiti wa muziki wa runinga atakuonyesha ukitaka.

Wimbo "Mwenye Ufunguo" ulirekodiwa tarehe 27 Agosti, saa nane mchana. Nilikuwapo. Mwimbaji alikuwa na bandeji mkono wa kushoto na hakuweza kupiga gitaa. Alipigiwa na mwenzake. Dada yako aliitikia. Walirudia mara tatu kwa sababu mara mbili za kwanza yeye, mwimbaji, alishindwa kufika mwisho.

Tarehe 11 Februari niliyoitaja mbele ya mahakama ilikuwa ya uongo. Niliiandika mwezi wa Oktoba, kwa makusudi, nikijua.

Shemeji yako hakumwimbia kaka yako atoke ili auawe. Alimwimbia akiwa amekwisha kufa. Dada yako alisema kweli tangu siku ya kwanza.

Nimetia sahihi maneno haya pia mbele ya mwanasheria, tarehe 16 mwezi huu.

Aliyekuwa mkutubi


Tarehe 2 Agosti

Mzee,

Barua yako imefika. Yule binti wa muziki aliyeileta amesema huinuki tena kitandani na kwamba mpwa wako hukushikia karatasi mbele ya macho. Basi akushikie na hii.

Nakukumbuka. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimekaa safu ya pili karibu na mama. Ulipoulizwa tarehe ya wimbo hukujibu papo hapo. Ulivaa miwani, ukaichukua kadi, ukaisoma mbele, ukaigeuza ukaisoma nyuma, ndipo ukajibu. Mama alikuwa bado anasita. Alimpenda mkwe wake; alikuwa akisema tangu asubuhi kwamba kuna kosa mahali. Mimi ndiye niliyemwinamia nikamwambia, "Mama, huyu hawezi kusema uongo. Huyu anaangalia mpaka nyuma ya kadi." Baada ya hapo hakusita tena. Na dada alipokuja na mtoto, aliyefunga dirisha hakuwa mama. Nilikuwa mimi. Mama alikuwa amelala chumba cha ndani, akaniuliza nani alikuwa anabisha. Nikamwambia ni upepo.

Hilo dada hakulijua. Jana nimekwenda kumwambia.

Nilimkuta dukani, pini mdomoni, amevaa miwani minene kama ya mama. Sikusalimia, nilijua nikisalimia nitaanza kulia na sitasema. Nikasema yote, la kadi na la dirisha, nikiwa nje ya mlango. Alitoa pini moja moja akazichomeka kwenye mkono wa gauni. Akaniuliza, "Mama alikuwa macho?" Nikasema alikuwa macho. Akaniuliza kama aliuliza tena baadaye. Nikasema aliuliza mara moja, kesho yake, kama upepo umetulia.

Hakunikaribisha wala hakunifukuza. Alirudi kwenye cherehani akaendelea kushona. Nilisimama mpaka nikachoka, nikakaa kizingitini kwake, wateja wakawa wananiruka. Mmoja alimwuliza huyu ni nani. Dada akasema, bila kuinua uso, "Ni mdogo wangu, anapumzika." Jioni alipofunga duka alinipita, akafika barabarani, akasimama. Akasema kesho anafungua saa mbili.

Nitakwenda. Sijui tutasema nini, nami nina miaka sitini na mitano na yeye sabini. Wewe ulitupokonya muda, na mimi nilikusaidia. Mzigo wangu nitaubeba nikiwa nimekaa kwenye kizingiti kile.

Wa kwako ubebe mwenyewe. Usiniandikie tena.

Mdogo wa mlinzi